Siku Dani Alipokula Kwenye Televisheni

Wiki iliyopita fundi alikuwa akinibadilishia betri ya gari. Alipofungua vifuniko vidogo vya ile iliyokufa, harufu ya maji yake ikanipiga puani, harufu kali, chachu, ya kukwaruza koo. Watu wenye akili zao hujitenga nayo. Mimi nikasogea, nikainama, nikavuta pumzi. Fundi akanitazama kama anayejiuliza huyu mama ametoroka wapi. Ningemweleza nini? Kwamba kwangu mimi hiyo ni harufu ya Jumapili jioni, ya nguo za kanisani ambazo bado hatujavua, ya mahindi ya kuchoma, na ya nyumba iliyojaa majirani hadi mlangoni wakisubiri kuonyeshwa jinsi nyangumi anavyonyonyesha?

Ninyi wa rika langu mnajua ninachosema. Televisheni enzi zile haikuwa kitu cha kuwasha tu. Ilikuwa kitu cha kubeba, cha kuunganisha, cha kubembeleza na cha kuombea.

Kwetu kulikuwa nje kidogo ya mji wa Migori, ukielekea Isebania. Nyaya za umeme zilipita juu ya paa letu zikaenda kwa watu wengine. Baba, ambaye aliuza misumari na mabati katika duka la mtu mjini, alinunua televisheni yake Homa Bay kwa karani mmoja aliyekuwa anahamishwa. Ilikuwa ndogo, ya rangi nyeusi na nyeupe, na kile kitufe cha kuzungusha kilikuwa kimeng'oka, kwa hiyo tulitumia koleo. Iliendeshwa na betri ya gari. Betri yenyewe ilipelekwa mjini kwa baiskeli kuchajiwa, ikarudi na harufu yake ikitangulia mlangoni.

Kwa kuwa chaji ilikuwa haba, Baba alitunga sheria. Michezo ya kuigiza, hapana. Mieleka, hapana, hata majirani walie machozi. Taarifa ya habari, vichwa vyake tu. Betri ilikuwa ya vipindi vya makala, vile ambavyo sisi watoto tuliviita "za ukweli": wanyama, milima inayotapika moto, watu wanaojenga madaraja, daktari akipasua moyo wa mtu. "Betri yangu haitakufa kwa sababu ya uongo," alikuwa akisema, na alilisema kwa fahari ya mtu aliyeacha pombe. Mwanzo wa kila mwezi alitafuta ukurasa wa gazeti wenye ratiba ya vipindi, akaubandika ukutani kwa uji wa unga, na kwa kalamu nyekundu akazungushia kila kilichokuwa cha ukweli. Tulijua mwezi mzima tutaona nini. Watoto wengine walingoja Krismasi. Sisi tulingoja pweza.

Na majirani walikuja, sheria au si sheria. Aliyefika wa kwanza daima ni Mama Robi, Mkuria wa nyumba ya pili, mkubwa wa umbo na mkubwa zaidi wa sauti, aliyekuja na kigoda chake mwenyewe kwa sababu hakuamini viti vyetu. Kwa ajili yake na wengine wasiojua Kijaluo, televisheni kwetu ilizungumziwa kwa Kiswahili. Msimulizi alisema kwa Kiingereza, Baba akasimama kando ya kioo kama mwalimu na kutafsiri, kisha Mama Robi akaitafsiri ile tafsiri.

"Huyu ndege hapai," Baba angesema. "Anakaa kwa barafu. Na ni ile dume inalalia mayai."

"Dume?" Mama Robi angeruka. "Na bibi yake ameenda wapi?"

"Ameenda baharini kutafuta samaki."

"Ai! Hiyo ndege inajua kuoa kuliko Baba Robi."

Simba akitokea, Mama Robi aliikunja miguu yake chini ya kigoda. Hakuwa peke yake. Mimi pia niliamini, kwa akili yangu ya darasa la nne, kwamba kitu kinachoonekana kwenye kile kioo kimefika. Sikuwa mjinga wa kudhani kuna watu wadogo ndani ya sanduku. Hayo yalikuwa mambo ya watoto wa nasari. Imani yangu ilikuwa ya kiwango cha juu zaidi. Niliwahi kumuuliza Baba, "Mtu akiwa kwa televisheni, yuko huko ama yuko hapa?" Baba alikuwa anafunga waya, hata kichwa hakuinua. "Yuko hapa," akasema. "Kwani nilinunua hii kitu ya nini? Ni ndiyo dunia ikuje ikae kwa nyumba yangu." Nikaliweka neno hilo kichwani, nisijue litakuja kuninyima raha mwezi mzima.

Sasa niseme habari za Dani, maana bila yeye hakuna la kusimulia. Dani ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kijaluo, na huyu alikuwa mama yake Mama, mfinyanzi wa vyungu kule Sori, ziwani. Siku za soko alileta vyungu vyake Migori juu ya lori la samaki, vimefungiwa nyasi kama watoto wachanga, na akimaliza kuuza alipita kwetu. Lakini alipita tu. Alisimama langoni akaita, nasi tukatoka mbio kumkumbatia huko huko nje. Nyumba ya mkwe wake hakuingia ovyo. Baba akiwepo alitoka, akasimama mbali kidogo, kofia mkononi, macho chini, wakaulizana habari za mvua. Waliheshimiana kiasi kwamba mgeni angedhani wamegombana.

Nilivyofundishwa mimi, mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja bila shughuli rasmi, hawatupiani maneno ovyo, na kubwa kuliko yote, hawaonani wakila. Mkwe kumwona mama mkwe wake akitafuna lilikuwa jambo la kuleta chira, ile laana inayomkausha mtu taratibu mpaka suruali inamvuka. Pengine wakubwa walilielewa kwa namna nyepesi zaidi. Mimi nililielewa kwa mwili mzima.

Likizo moja ya Agosti nilikuwa Sori kwa Dani wakati gari la watu wa Nairobi lilipoingia uani. Walikuwa watatu: mwanamume wa kamera, mwanamke wa kuuliza maswali, na kijana wa kushika fimbo ndefu yenye kitu cha manyoya mwishoni, ambacho mbwa wa Dani alikibwekea kutwa nzima. Walikuwa wanatengeneza kipindi kuhusu wafinyanzi wa ziwani. Walimfuata Dani mpaka kwenye shimo la udongo. Wakampiga picha akikanda, akipandisha ukuta wa chungu kamba ya udongo juu ya kamba, akiusugua kwa kokoto laini aliyoachiwa na mama yake. Na kila wakati yule mwanamke alimwomba jambo lile lile.

"Mama, fanya kama sisi hatuko."

Mara ya kwanza Dani aliendelea na kazi. Mara ya pili pia. Aliporudiwa tena akaiweka kokoto chini.

"Nyinyi mmetoka Nairobi mpaka kwangu, halafu nifanye kama hamko? Mimi sina tabia kama hiyo. Mgeni akiwa kwangu, yuko."

Akanawa mikono, akaenda jikoni, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alisonga ugali wa mtama na muhogo, akachemsha ngege wakubwa wawili, wale samaki wapana wa ziwani, akawaandalia wageni mkekani. Wageni wakashukuru sana, wakasema watakula, ila kwanza aanze yeye mwenyewe, ale kama anavyokula siku zote, wapate picha. Dani alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu alfajiri. Akaniambia nimshikie jagi la maji, akanawa tena, akakaa, akajivutia kichwa cha ngege.

Kama hujawahi kumwona mwanamke wa ziwani akila kichwa cha ngege, umekosa. Dani hakukila, alikifungua. Aliondoa shavu moja kwa kidole, akalilaza ulimini. Akanyonya jicho la kwanza, akafikiri kidogo, akanyonya la pili. Akavunja taya, akavuta kilichokuwa ndani kwa mlio ambao kuku waliusikia wakainua vichwa. Mchuzi ukamteremka mpaka kwenye kiwiko, akaufuata kwa ulimi, akaurudisha ulikotoka. Mtu wa kamera akasogea, akazidi kusogea, mpaka kioo chake kikawa karibu kugusa kidevu. Nami nimesimama na jagi langu, meno yote nje, nikijua mkono wangu umo pichani.

Walipokuwa wakifunga vitu vyao, yule mwanamke akamwambia, "Mama, utatokea kwa televisheni. Kenya nzima itakuona."

"Hata Migori?"

"Hata Migori."

"Basi mkwe wangu ako na hiyo kitu nyumbani kwake," Dani akasema, kifua mbele. "Mwenyewe."

Yeye alikuwa anajivuna tu. Mimi akili yangu ilikuwa imeshakimbia mbele. Baba ana televisheni. Anayetokea kwenye televisheni yuko nyumbani, Baba mwenyewe alisema. Kwa hiyo Dani ataingia sebuleni kwa mkwe wake bila hodi, atakaa, na atakula kichwa cha samaki, macho na yote, Baba akimtazama. Maji yaliyobaki kwenye jagi niliyamwaga miguuni mwangu, nisihisi.

Miezi ilipita, nikaanza kusahau kama watoto wanavyosahau. Kisha Baba akaja na gazeti la mwanzo wa mwezi. Alilifungua mezani kama kawaida, kalamu nyekundu tayari, kidole kikishuka: mamba, sawa; reli, sawa; nyuki, sawa. Kidole kikakwama. Akasoma, akasoma tena, akaita "Mama Akinyi!" kwa sauti iliyomtoa Mama jikoni na mwiko mkononi akidhani kuna nyoka.

Wafinyanzi wa ziwani, Jumapili ya mwisho, jioni. Baba alikizungushia duara mpaka karatasi ikatoboka.

"Miaka yote tunaangalia ukweli ya watu," akawaambia majirani, nyumba baada ya nyumba. "Barafu ya watu, simba ya watu. Mwezi huu ni ukweli yetu. Kila mtu aje."

Sikumbuki kumwona Baba na furaha kama ile. Aliimba akinyoa ndevu. Dukani aliwaambia wateja waliokuja kununua misumari. Alikwenda kuchaji betri mapema, akaifunika gunia, akakataza mtu yeyote kuwasha televisheni, hata kwa mamba, ambao alikuwa amewangoja kwa hamu. Na kadiri alivyofurahi, ndivyo mimi nilivyonyong'onyea. Niliangalia mshipi wake kila asubuhi, tundu alilofungia jana na alilofungia leo. Nilimuuliza kama Jumapili ile hakuna mazishi ya kwenda. "Mazishi ya nani?" akasema, akicheka. Nikaomba mvua ya radi ije iharibu mawimbi ya hewani. Ikaja kweli, Jumanne, ikaondoka zake Jumatano, ikaacha anga jeupe kama sahani.

Kulikuwa na jambo lingine lililomsumbua Mama, na alilisema wazi tukichambua mboga ya osuga nje ya jiko. "Kenya nzima imuone mama yangu, na yeye mwenyewe ajionee wapi?" Sori, kule kwa Dani, hakukuwa na televisheni aliyoijua. Televisheni ilikuwa kwetu, sebuleni kwa mkwe, mahali ambapo asingeweza kuketi kustarehe hata kwa dawa. Mama aling'oa jani, akalitupa upande wa mabua. Hakuwa mtu wa kulia, lakini alivuta pua kama mwenye mafua.

Nikaona nisipotema sasa nitapasuka.

"Mama, Dani alikula."

"Alikula nini?"

"Kwa hiyo kipindi. Walimpiga picha akikula. Baba ataona."

Mama akaacha mboga. "Alikula nini, wewe Akinyi?"

"Kichwa ya ngege."

"Mbele ya hao watu?"

"Na macho."

"Yote mbili?"

"Yote mbili. Na akalamba mpaka hapa." Nikamwonyesha kiwiko.

Nilitegemea apige kelele. Badala yake alijiinamia juu ya ungo, mabega yakaanza kutikisika, na alipoinua uso machozi yalikuwa yanamtoka kwa kicheko. "Mama yangu!" akasema. "Woi, mama yangu!" Akajipangusa kwa ncha ya leso, akacheka tena, akajipangusa tena. Kisha, kidogo kidogo, kicheko kikaisha, akabaki anatazama barabarani. "Wachia mimi," akaniambia. Jioni, kabla ya chakula, niliwaona yeye na Baba wakizungumza kando ya kibanda cha mbuzi. Baba aliangua kicheko mara moja, halafu akatulia, akajikuna kichwa kwa muda mrefu kama mtu anayepiga hesabu ya mabati.

Jumapili ikafika. Tulipotoka kanisani Baba hakuvua hata tai. Alibeba televisheni kifuani, akaitoa nje ya nyumba yetu, akavuka nayo ua mpaka kwa Mama Robi. Akarudi akabeba betri. Majirani waliokwisha kuja na viti vyao wakabaki wameshangaa.

"Kwani hapa kwako iko nini?" mmoja akauliza.

"Paa ya Mama Robi iko juu. Mawimbi inashika vizuri huko."

Paa la Mama Robi lilikuwa chini kuliko letu, kila mtu aliliona. Lakini Mama Robi alikuwa amefagia, ametandika vitambaa, na anapokea watu kama mke wa askofu, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Na tulipokuwa tunagombania nafasi sakafuni, mlango ukaingiwa na giza kidogo, na hapo akasimama Dani. Leso mpya, kitambaa cheupe kichwani, viatu mkononi kwa sababu ya vumbi. Alikuwa mgeni wa Mama Robi. Aliingia kwa mlango wa Mama Robi, akakaa kwenye kiti cha Mama Robi, na hakuna mila ya Mjaluo wala ya Mkuria iliyopata mkwaruzo. Mama alimshika mkono asiuachie.

Nami nikapumua nusu. Nusu nyingine ilikuwa kiti cha Baba. Walikuwa wamemwachia kile kizuri, cha mbele, mwenye kifaa chake. Nilimwangalia akiunganisha waya, akizungusha koleo, akingoja mchanga ule mweupe kwenye kioo uwe watu. Ulipokuwa watu, akatoka nje. Dirishani tukamwona akikamata bomba la antena kwa mikono miwili, akitazama shamba la mahindi la jirani, mgongo kwetu.

"Kuja ukae!" Baba Robi akamwita. "Tutafunga hiyo kitu na waya."

"Waya haina akili," Baba akajibu bila kugeuka. "Upepo ikikuja itazunguka. Mimi nitashika."

Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Watu wazima wakatazamana, kisha mmoja mmoja wakaelewa, nikaona nyuso zao zinabadilika. Mimi nilichelewa kidogo. Nilidhani kweli antena ni mbovu, nikawa namshukuru Mungu kwa hilo.

Muziki ukapigwa, ziwa likatokea, na nyumba nzima ikasema "Eee!" maana lilikuwa lile letu, lenye mawe yetu na mbwa wetu akibweka. Akatokea Dani shimoni, jembe mkononi. Dani wa kwenye kiti akafunika mdomo. Kule kwenye kioo alikuwa anazungumza Kijaluo, lakini juu ya sauti yake ikapanda sauti nzito ya mwanamume, ya Kiingereza.

"Nani huyo anaongea juu ya maneno yangu?" Dani akauliza kwa hasira. "Mwambieni angoje nimalize."

Mtafsiri wetu alikuwa nje, na nikadhani tutatazama kama mabubu. Lakini masikio ya Baba hayakuwa na mgongo. Kupitia dirishani sauti yake ikaingia, kubwa, ya mwalimu, akitafsiri asichokiona. "Anasema huyu mama amefinyanga tangu akiwa msichana! Anasema udongo inachimbwa asubuhi, ikiwa bado baridi!" Alikuwa sawasawa. Kisha msimulizi akasema kwamba mwanamke huyu mzee hajawahi kwenda shule na anaishi maisha duni. Kiingereza changu kilitosha kuelewa hayo.

"Anasema," Baba akapaza sauti, "huyu mama ni fundi, na kwa hii ziwa yote hakuna mkono kama yake!"

"Hata mimi naona," akasema Mama Robi.

Nikamtazama Mama, Mama akanitazama, akaweka kidole mdomoni. Mtu yule yule wa betri isiyokufa kwa uongo alikuwa ametia chumvi ya gunia zima, na sijawahi kusikia tafsiri nzuri kama ile. Dani alinyoosha shingo. Alijua Kiingereza cha "good morning" tu, lakini maneno ya mkwe wake alikuwa anayapokea moja moja kama mtu anayepokea vyombo vya udongo, kwa mikono miwili.

Halafu ukaja mkeka. Nikauona, nikajua kinachofuata. Ukaja mkono wenye jagi, bila kichwa wala mwili. "Mkono yangu!" nikapiga kelele, na hata leo nasema ulikuwa mkono mzuri. Ikaja sahani. Dani wa kwenye kiti akaganda. Naona alikuwa amesahau; shughuli za siku ile zilikuwa nyingi, na nani hukumbuka alichokula? Dani wa kwenye kioo akaondoa shavu la samaki, akalilaza ulimini. Msimulizi akanyamaza ili tusikie vizuri, na tukasikia. Lile jicho la kwanza lilisikika mpaka barabarani.

Hakuna aliyecheka. Dani aligeuka polepole kuelekea dirishani, na sote tukageuka naye.

Pale nje, Baba alianza kuimba. Alichukua wimbo wa kanisani, akauanzia juu kabisa, mahali ambapo sauti yake haikuwahi kufika na haikufika siku hiyo. Akauimba kwa nguvu zote, akizidi sauti ya jicho la pili, na ya taya, na ya mchuzi, na beti zilipomwishia alirudia wa kwanza kwa maneno ya kujitungia. Kofia imekaa sawa, mgongo umenyooka, mikono juu, macho kwenye mahindi ya watu. Ndipo na mimi nikaelewa. Mtu ambaye hakulala vizuri mwezi mzima kwa hamu, aliyewanyima mamba chaji, aliyengoja miaka dunia ije imwonyeshe na watu wake, hakuwa ameona hata chungu kimoja. Nilimpenda mpaka kifua kikaniuma. Kipindi chenyewe hakikurudiwa tena, au kama kilirudiwa, kilikuja siku ambayo hatukuwa na chaji.

Dani aliutazama mgongo ule kwa muda. Kisha akaegemea kitini, kwa mara ya kwanza tangu aingie, akatandaza leso yake magotini, akarudisha macho kwenye kioo.

"Hiyo ngege ilikuwa na mafuta," akasema.

Nyumba ikapasuka. Mama Robi alianguka na kigoda chake, Baba Robi akalia machozi, watoto wakapanda juu ya watoto. Mama alikuwa amemlalia mama yake begani, wote wawili wanatetemeka kwa kicheko. Kwenye kioo Dani alikuwa analamba kiwiko, na kila mtu alimshangilia kama mpira umeingia golini.

Majina ya watengenezaji yalipoanza kupanda, Dani alinipungia mkono nikaenda. Akanishika sikio, si kwa adhabu, ila ili nisikie vizuri, maana neno la mama mkwe kuhusu chakula lazima libebwe na mtoto.

"Enda umwambie baba yako nimeshiba."

Nilitoka mbio. Baba alikuwa bado ameshika bomba, vidole vimekufa ganzi, anaimba sasa kwa chini chini tu.

"Baba, Dani anasema ameshiba."

Hakugeuka. Midomo yake ilikaza, mashavu yakajaa, halafu kicheko kikamtoka ambacho sijawahi kukisikia kabla wala baada, kicheko cha tumbo zima, na bomba zima likatikisika mikononi mwake. Ndani ya nyumba wakapiga kelele kwa pamoja kwamba picha imepotea. "Wewe, rudisha!" Mama Robi akamfokea kupitia dirishani. "Shika hiyo kitu vizuri!" Baba akazidi kucheka, na antena ikazidi kuyumba.